Miaka Miwili Niliyowabeba Mamluki

Marubani wenzangu, siku mliyoniaga nilipostaafu, pale kantini ya uwanja mdogo wa ndege wa Kisongo, mkanikatia keki yenye umbo la ndege (bawa la kushoto lilikuwa fupi kuliko la kulia, nikawaonea huruma abiria wake), Kapteni Upendo alinifuata nje kivulini. Ni mdogo kuliko binti yangu na anarusha vizuri kuliko nilivyorusha mimi katika umri wake. Akasema, "Shikamoo Kapteni. Kuna watu wameniandikia, wanatafuta rubani wa kusafirisha wakufunzi nje ya nchi. Nimesikia na wewe uliwahi kuifanya hiyo kazi. Ikoje?"

Nilimwambia swali lake linahitaji karatasi. Karatasi yenyewe ndiyo hii, na nimeamua muisome wote.

Nilizaliwa juu ya Tengeru, upande wa mlima ambako asubuhi za Julai huuoni mgomba ulio hatua kumi mbele yako. Baba alikuwa na kahawa na ndizi kama majirani zake wote. Ndege tulizisikia juu ya ukungu bila kuziona. Nilipofika Kisongo nilikuwa na leseni mpya na viatu vya kaka yangu, vilivyonibana. Aliyenipokea alikuwa Kapteni Fidelis, Mchaga wa Rombo, mtu mfupi aliyetundika rozari karibu na dira. Wiki nzima hakunipa usukani. Alinipa ndoo na kitambaa.

"Ioshe," alisema.

"Yote, Kapteni?"

"Kwani utarusha nusu?"

Siku ya saba vidole vyangu viligusa unyevu chini ya bawa, na haukuwa maji. Mafuta yalikuwa yanavuja. Nilimwita, akaangalia, akaniambia nikanawe mikono nije nifunge mkanda. Sherehe ya kuanza kwangu kazi ilikuwa hiyo.

Kapteni Fidelis alinifundisha kutouamini uzito ambao abiria anautaja mwenyewe. Tulikuwa na mzani wa chuma wa aina ile ya kupimia kahawa kwenye chama cha ushirika, na kila mtu alipanda, awe balozi au mpishi wa hoteli. Alinifundisha kusoma vumbi la ng'ombe ili nijue upepo unatoka wapi. Alinifundisha pia kunyamaza. "Huko juu wewe ndiye pekee anayejua kama kuna tatizo," aliniambia. "Usiwagawie abiria." Nililichukua kama funzo la kazi, na kwa miaka mingi lilibaki hivyo. Nilirusha watalii kwenda Seronera na Ndutu na kurudi, nikazika marubani wawili niliokunywa nao chai, nikamzika na Kapteni Fidelis mwenyewe, ambaye alikufa kitandani kwake Rombo, jambo ambalo kwa rubani wa zamani zile ni kama kushinda kombe.

Kisha ukaja mwaka ule wa ugonjwa, watalii wakakatika. Ndege zilikaa pale Kisongo zimefunikwa maturubai, majani yakaota kwenye matairi. Mwajiri wangu wa wakati huo akapata mteja wa nje aliyetaka kukodi ndege pamoja na rubani wake. Mkataba niliusaini katika ofisi moja ya ghorofani mjini, na kazi iliandikwa kwamba ni kusafirisha wakufunzi na vifaa. Nilimwuliza yule bwana wa mkataba wakufunzi wanafundisha nini. Akasema, "Usalama." Nikamwuliza chakula cha msaada nacho kitabebwa? Akasema huenda, mara mojamoja.

Hiyo "huenda" niliibeba hadi nyumbani Kikwe nikamkabidhi mke wangu, Mama Neema, ikiwa imegeuka kuwa "ndiyo." Nilimwambia nakwenda kubeba chakula cha wakimbizi. Alifurahi. Siku iliyofuata kikundi cha wanawake wa usharika wetu kilikuwa kimeshaanza kuniombea.

Nchi niliyokwenda siitaji, na hamna haja ya kuijua. Ina milima ya kijani inayofanana na yetu, na watu wake wanasema Kiswahili chenye ladha yao. Siku ya kwanza nilipoteremka, nilikuta wanaume kumi na wawili wamekaa juu ya masanduku, wazungu na wasio wazungu, kila mmoja na bunduki yake magotini. Hakuna aliyesalimia. Mkubwa wao, niliyemfahamu kwa jina moja tu la Kanali, ingawa hakuwa na jeshi lolote nyuma yake, aliniuliza kama mimi ndiye dereva. Nilisema mimi ni rubani. Akasema, "Vizuri, dereva." Hapo ndipo nilipoelewa ni wakufunzi wa namna gani. Walikuwa mamluki, watu wanaopigana vita vya wengine kwa mkataba. Katika miaka miwili sikuwahi kuwaona wakimfundisha mtu yeyote kitu chochote.

Ningeweza kurudi nyumbani wiki ile ile. Nawaambia hivyo ili msije mkadhani nilitekwa. Niliuliza ratiba ya kesho.

Nilipewa chumba ndani ya kontena, kitanda, feni, na dirisha lililotazama ukuta wa magunia ya mchanga. Wao kwa wao hawakuitana majina halisi, na mimi sikuitwa kabisa. Walikula kwa makundi kufuatana na lugha zao. Lugha yangu haikuwa na kundi, hivyo nikala na mgongo ukutani, nikitazama milima. Siwezi kusema walinitesa. Mtu anayeteswa angalau anatazamwa. Kuna wiki zilizopita ambazo neno pekee nililosema na kujibiwa lilikuwa la redioni.

Na redioni alikuwepo Pascal.

Kambi ya mbele ya mamluki ilikuwa juu mlimani, mwendo wa dakika arobaini kwa ndege. Uwanja wake ulikuwa kipande cha udongo mwekundu kilichokatwa ubavuni mwa kilima: kifupi, chenye mteremko, mwisho wake korongo. Upepo wake uligeuka bila taarifa. Bila mtu wa kukupa hali ya hewa kutoka chini, ulikuwa unacheza na maisha. Mtu huyo alikuwa Pascal, zamani mwalimu wa shule ya msingi, aliyeajiriwa kukaa kwenye kibanda cha bati na redio, kamba yenye kitambaa cha kuonyesha upepo, na daftari.

"Bonjour, Kapteni," alikuwa akisema. "Mawingu iko juu, haishuki. Upepo iko mashariki, kidogo tu. Uwanja iko kavu. Na kule Meru mvua ilinyesha?"

Nilikuwa nikimjibu kwamba mke wangu amesema imenyesha. Aliniuliza kama kahawa imetoa maua. Yeye naye alikuwa na miti michache ya kahawa nyuma ya kibanda. Tulibishana jinsi ya kupogoa, mimi nikiwa futi elfu tisa juu yake, nikitafuta tundu kwenye wingu. Nikitua sikuruhusiwa kuondoka penye ndege. Mizigo ilishushwa dakika kumi na tano, walinzi wakiwa wamesimama, kisha narudi. Yeye alikuwa mbali ng'ambo ya uwanja, akipunga daftari lake. Mara nne tu kwa miaka yote miwili walinzi walimwachia asogee tukashikana mikono. Mikono yake ilikuwa na vumbi la chaki bado, au nilijiaminisha hivyo.

Kuna asubuhi moja ambayo hakuuliza habari ya Meru. Alinipa mawingu, akanipa upepo, akanyamaza. Nilimwuliza kama ni mzima. Akasema, "Kijiji cha chini haiko tena, Kapteni. Walishuka jana."

Wale walioshuka jana nilikuwa nimewapeleka mimi juzi. Nilijua nani alikaa kiti gani, maana karatasi ya mizigo naiandika kwa mkono wangu. Nilibonyeza kitufe cha redio nikasema neno ambalo rubani husema akishasikia. Nilisema, "Nimepokea."

Nikatua. Nikashusha. Nikapakia walewale, viatu vyao vina matope meusi, nikawarudisha.

Nimelirudia neno hilo mara nyingi nikiwa peke yangu hapa Kikwe, kwa sauti mbalimbali, kutafuta kama kuna sauti ambayo lingekuwa neno zuri. Hakuna.

Sasa nifike kwenye siku ambayo ndiyo sababu ya karatasi hii. Ilikuwa kabla ya saa sita mchana. Niliamriwa kwenda mlimani bila mizigo kuwachukua watu wote, kwa kuwa wapinzani wao walikuwa wanapanda kutoka bondeni. Pascal alinipa upepo kwa sauti ileile ya siku zote, akaongeza, "Kapteni, mimi na madame tuko tayari. Tuna furushi moja tu." Nikamwambia sawa. Nilisema sawa bila kumwuliza mtu, na nilimaanisha.

Nilitua, sikuzima injini. Mamluki wanane walikuja mbio na masanduku manne ya chuma. Kutoka bondeni milio ya bunduki ilikuwa inasikika, si karibu sana, ila karibu kuliko jana yake. Pascal na mkewe walikuwa wamesimama mlangoni mwa kibanda chao, yeye na daftari, mkewe na furushi kichwani. Mama mnene kidogo, mwenye kitenge cha njano. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona.

Nilipiga hesabu. Hesabu hizo nazifanya haraka kuliko ninavyosali. Kwa joto lile na uwanja ule, watu wanane na masanduku manne ndio uliokuwa mwisho wa uwezo wa ndege. Masanduku mawili yakibaki, watu wawili wangeingia.

Nilimwambia Kanali, aliyekaa kando yangu, "Shusha masanduku mawili. Kuna watu wawili wa kupakia."

Alitazama kule nilikoelekeza kidole. "Wale si wa kwetu."

"Yule ndiye anayekutua salama kila wiki."

"Masanduku yanakwenda," alisema. Hakupandisha sauti, hakugusa silaha. Ningependa kuwaambia alinielekezea bastola, na kwa muda fulani nilikuwa najisimulia hivyo. Alitazama mbele tu, kama abiria anayengoja dereva afunge mlango.

Mkono wangu ulikuwa kwenye wenzo wa kuzimia injini. Hapo ndipo nguvu yote ya siku ile ilikuwa, na ilikuwa yangu. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyejua kurusha ndege. Ningeizima na kukaa kimya, wangeyashusha masanduku yale kwa mikono yao wenyewe. Nililijua hilo wakati ule ule; halikunijia baadaye. Lakini niliogopa. Niliisikia milio, nikamfikiria Mama Neema, nikajiambia kwamba nikibishana tutakufa wote. Nikaondoa mkono.

Nilimtazama Pascal nikatikisa kichwa. Sijui kama aliona vizuri kutoka pale. Aliona. Alimshika mkewe begani, wakaingia ndani ya kibanda.

Niligeuza ndege, nikajipanga mwanzoni mwa uwanja, nikasukuma wenzo wa nguvu. Ndipo sauti ikaja masikioni. Wengine hawakuisikia, maana vifaa vya redio nilivaa peke yangu.

"Kapteni, ngoja. Upepo imegeuka. Iko nyuma yako."

Nikakanyaga breki. Upepo wa nyuma kwenye uwanja ule, na uzito ule, maana yake ni korongo. Kanali alinitazama akauliza kuna nini. Sikumjibu. Tulikaa pale, ndege ikitetemeka, labda dakika moja na nusu, huku milio ikisogea, na Pascal amekaa kwenye kibanda chake akitazama kitambaa juu ya kamba kwa ajili yetu.

"Bado," alisema. Kisha, "Bado." Kisha akasema, "Sasa. Nenda, Kapteni."

Nilikwenda. Tulipovuka korongo nilibonyeza kitufe nikamwita. Nilimwita mara tatu. Hakujibu, na kwa haki alikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki tano. Nilizimaliza. Nilirudi Kikwe, Mama Neema akachinja kuku, akaniuliza, "Chakula kiliwafikia?" Nikasema kiliwafikia. Jumapili mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda. Nilisimama pale nikaeleza habari za mawingu na milima, nikasema Mungu alinilinda, jambo ambalo kwa kadiri ninavyojua lilikuwa kweli na ndilo lililonitesa. Wanawake wa kikundi waliimba. Mama Neema alilia kwa furaha. Mwaka uliofuata aliugua, na nilimwuguza miezi saba katika chumba kimoja, tukiwa na muda wote wa dunia wa kuzungumza. Kila jioni nilisema kesho nitamweleza. Tulimzika chini ya miparachichi yake, akiamini aliolewa na mtu aliyelisha wenye njaa.

Nilirudi Kisongo kuwarusha watalii, nanyi mkanizoea kama mzee asiyependa maongezi. Mlidhani ni msiba, na sikuwasahihisha.

Mwaka huu, mwezi mmoja baada ya kustaafu, mchungaji alinipigia. Alisema kuna mtu katika kambi ya wakimbizi magharibi mwa nchi yetu anamtafuta rubani Mmeru anayeitwa Anaeli. Maulizo yake yamepita kanisa hadi kanisa mpaka yamefika kwetu. Nilipanda basi asubuhi iliyofuata. Ni safari ya siku mbili. Nimevuka nchi hii mara nyingi juu yake. Sikuwa najua ni pana kiasi hicho.

Pascal alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Alinipa mkono, akanipa kigoda. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Singida, na nilipoyaanza alinizuia kwa upole.

"Kapteni, najua ulichofanya. Nilikuwa pale. Tulitembea siku kumi na moja. Nilitoka na mke wangu. Nilifika peke yangu. Hiyo nayo ujue, halafu tuongee kitu nilikuitia."

Alichoniitia kilikuwa barua. Alikuwa anaomba apewe kazi ya ualimu na redio kambini, na kila ofisi ilimwuliza miaka ile miwili alikuwa wapi. Alisema ukweli, hakuna aliyemwamini. Kampuni ile haikuacha anwani wala karatasi, na wengine walimshuku kwamba naye alikuwa mpiganaji. Alihitaji mtu mmoja aliyekuwepo aandike kwamba yeye alikuwa mtu wa hali ya hewa, hakushika bunduki, na kazi yake aliifanya vizuri.

"Itabidi uandike na wewe ulikuwa na nani," alisema. "Bila hiyo haina maana."

"Nitaandika."

"Na muhuri. Hapa bila muhuri hawasomi."

Niliiandika nilipofika nyumbani, kurasa mbili. Niliandika mamluki, sikuandika wakufunzi. Niliandika kijiji cha chini. Niliandika masanduku. Kisha nikaenda ofisi ya usharika kuomba muhuri. Mchungaji aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa akaisoma tena.

"Mama Neema alijua?" aliuliza.

"Hapana, Mchungaji."

Akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke. "Wale wanawake walikuombea miaka miwili," alisema. "Leo wana kikao chao saa tisa." Akanipa karatasi zangu.

Saa tisa niliingia. Walikuwa kumi na mmoja, kwenye mabenchi ya nyuma, wengi nimewafahamu tangu tukiwa watoto. Walidhani nimekuja kwa habari za kaburi la Mama Neema. Niliwasomea barua yote, kuanzia juu hadi muhuri. Nilipomaliza, mama mmoja alifunga kanga yake, akatoka, na hajanisalimia mpaka leo, ana haki. Wengine walitazama sakafu.

Mkubwa wao, Mama Ndeanka, rafiki wa mke wangu tangu ubatizo, alivua miwani akaifuta.

"Huyo mama aliyekufa njiani," aliuliza, "anaitwa nani?"

Niliangalia barua. Nilikuwa nimeandika "mkewe."

"Sijui."

"Anaeli, tutamtaja vipi katika maombi? Kila mtu hapa ana jina. Hatuwezi kumwita mke wa Pascal."

Miaka miwili ya mvua na kahawa na mawingu, kisha siku nzima kambini nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, sikuwa nimeuliza. Niliwaomba radhi, nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji nikampigia Pascal. Alipokea. Nilimwuliza.

"Hakuna mtu aliniuliza hiyo," alisema. "Anaitwa Alfonsina."

Niliandika jina hilo juu ya neno "mkewe," nikarudi ndani kuwaambia.